Utamu wa Ulimi, Moshi wa Pua

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimehamishwa. Miaka minne nimebeba sahani kwenye mgahawa wa hoteli, na leo Madam Precious, meneja wetu, ameniita ofisini akasema, "Odeta, kuanzia kesho uko kaunta ya baa, chini ya Mwalimu Nestory. Wewe unauliza maswali sana. Kule yatakufaa." Nikirudi nyumbani nimenunua daftari hili karibu na stendi ya Nyegezi, niandike kila nitakachofundishwa.

Jumatano, 9 Oktoba

Mwalimu Nestory ana miaka hamsini na mbili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya kaunta hii inayotazama ziwa. Wanamwita Mwalimu kwa sababu nusu ya wahudumu wa baa hapa Mwanza wamepita mikononi mwake. Haongei sana. Akiona kioo kina alama ya kidole, anakirudisha mbele yako bila neno, na wewe unakifuta.

Leo kanifundisha likeri. Ni pombe iliyotiwa sukari na ladha ya kitu fulani: kahawa, chungwa, nazi, majani ya porini. "Likeri inamkaribisha mgeni," alisema. "Ila mgeni hakai sebuleni siku nzima."

Kisha akaweka chupa mbili peke yake. Hizo kazileta mwenye hoteli, mzee Ndalahwa, kutoka safari zake. Moja ni wiski ya kisiwa cha Uskoti ambako shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi. Nyingine ni meskali ya Meksiko, inayotokana na mmea ulio ndugu wa mkonge wetu, wanaouchoma shimoni juu ya mawe ya moto. Mzee anataka kokteli moja yenye moshi kwenye menyu mpya ya Krismasi, na ataionja mwenyewe tarehe 6 Desemba.

Nilifungua ile wiski nikanusa. Nikarudi nyuma hatua nzima. Wodi ya hospitali, dawa ya kidonda, kamba ya mtumbwi iliyoungua. Nikainusa tena. Nikanusa mara ya tatu. Sijawahi kukutana na pombe inayonuka kama mahali.

Mwalimu alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, akaifunga chupa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Wateja watatu. Nimejifunza kumenya ganda la chungwa bila kuchukua ule weupe wake mchungu.

Jumanne, 15 Oktoba

Jaribio la kwanza. Wiski ya moshi vipimo vitatu, likeri ya kahawa viwili, likeri ya chungwa kimoja. Mwalimu anapima kama mfamasia, hamwagi hata tone. Akatikisa na barafu, akachuja, akaonja, akanisogezea.

"Unaonaje?"

Ilikuwa kama mtu kamwaga sharubati juu ya jivu la jana. Niliogopa kusema hivyo. Nilisema, "Moshi ni mwingi kidogo, Mwalimu."

Akaongeza likeri ya kahawa. Ikawa mbaya zaidi. Hili ndilo lililonishangaza, na bado nalifikiria nikiwa kitandani: sukari iliongezeka, lakini moshi haukupungua. Ulinenepa. Ulikaa mdomoni kama mgeni aliyeambiwa karibu chakula.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua. Meza ya dirishani wameacha kokteli za nazi nusu glasi. Zote nne.

Jumapili, 20 Oktoba

Katika ua tunaopanga huku Nyegezi, jirani yangu ni Mama Favour. Jina lake ni Truphosa, Mjaluo wa Rorya, Msabato wa kweli kweli, na kazi yake ni kubanika samaki kwa moshi na kuwauza sokoni Kirumba. Leo nilimkuta kwenye tanuri lake nyuma ya nyumba nikamwuliza: samaki wa moshi ukimpaka asali, moshi utapungua?

Alinitazama kama ninaumwa. "Asali? Kwani samaki kakukosea nini?"

"Nataka tu kujua, Mama Favour."

"Moshi ukizidi, unampa ndimu na chumvi. Sukari inaushika moshi, inaukalisha hapo. Ndimu inaufukuza." Akapindua samaki kwa vidole vitupu, hata hakushtuka. "Na kama moshi umezidi, kosa ni lako tangu kwenye kuni. Mimi natumia mpera uliokauka. Wenye haraka wanatia mkaratusi, halafu wanashangaa samaki ni mchungu."

Nilikuwa na wiski kidogo kwenye chupa ya dawa, niliyoomba kazini kwa ajili ya kujifunza. Nikamwambia anuse tu. Aliangalia huku na huku kama mchungaji yuko nyuma ya ukuta.

"Kunusa si kunywa," alisema, akaivuta chupa puani. Akafumba macho muda mrefu. "Hawa wamechoma majani yaliyooza majini. Na kuna chumvi. Ni watu wa pwani hawa, sivyo?"

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu kisiwa.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimemweleza Mwalimu habari ya ndimu na chumvi. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia. Tulijaribu na meskali. Aliponionjesha akauliza, "Unaonaje?" Nikasema afadhali. "Afadhali vipi? Sema kila kitu. Unanusa nini kwanza, nini baadaye?" Nilisema mpaka nikaishiwa maneno, na yeye akawa anaandika. Nimefurahi. Naona ananifundisha kwa kuniuliza.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua, na wadudu wa ziwani wamejaa kwenye taa. Glasi sita zimerudi nusu.

Jumamosi, 2 Novemba

Furaha imepungua. Nimemchunguza Mwalimu wiki nzima. Hanusi. Hanusi chochote: limao, maziwa, chupa mpya. Leo mteja wa kutoka Shinyanga alirudisha kokteli ya likeri ya krimu akisema ina harufu mbovu. Mwalimu alikuwa ameionja dakika tano kabla na kuipitisha. Mimi niliipata harufu nikiwa mita mbili.

Nimeanza kufikiri kwamba mtu huyu amechoka na kazi. Au ana kiburi. Anajua jina lake litambeba. Nimeumia, maana nilikuwa nimeanza kumheshimu kama baba. Anapouliza "Unaonaje?" sasa nasikia mtu mvivu anayetaka nimfanyie kazi.

Ijumaa, 8 Novemba

Nataka kuandika kabla sijasahau mpangilio.

Niliingia saa nane mchana, baa haijafunguliwa. Mvua ilikuwa ya upepo, kwa hiyo madirisha yote yamefungwa. Nyuma ya kaunta kuna kichumba chenye jiko dogo la gesi, tunachemshia sukari. Nilipofungua tu mlango wa baa, gesi ilinipiga usoni. Nzito, ile harufu ya yai lililooza. Na kule kichumbani namwona Mwalimu amesimama mgongo kwangu, sufuria iko tayari, kiberiti mkononi, njiti imeshatoka.

"Mwalimu, usiwashe!"

Aligeuka taratibu. "Nini?"

"Gesi! Imejaa gesi!"

"Gesi gani?"

Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa na swali tu. Nilimrukia nikamnyang'anya kile kiberiti, nikafunga mtungi, nikafungua madirisha yote na mvua ikaingia mpaka kwenye viti. Mpira wa mtungi ulikuwa umechomoka nusu. Tulitoka nje tukasimama barazani, tumelowa wote wawili.

Yeye ndiye aliyeanza kuongea.

"Ilikuwa kubwa?"

"Harufu? Mwalimu, nimeipata mlangoni."

Akaitikia kwa kichwa. Akatazama mawe ya ziwani. "Mwaka ule wa homa ya mapafu nililala wiki tatu," alisema. "Nikapona. Pua haikurudi. Ni miaka mitatu sasa. Nilidhani itarudi baada ya mwezi, nikakaa kimya. Mwezi ukawa mwaka. Mwaka ukipita, unamwambia nani?"

Nilimwuliza anaonjaje basi.

"Ulimi uko mzima. Sukari naipata, ndimu naipata, chumvi, uchungu. Hivyo tu. Nazi, kahawa, chungwa, vyote vinakuja puani, si ulimini. Mimi nikinywa likeri ya kahawa nakunywa sukari yenye uchungu. Na zile chupa za mzee..." Alicheka bila furaha. "Zinaniunguza koo, basi. Moshi kwangu hauna mlango."

Hapo nikaelewa yote kwa mara moja: kwa nini kokteli zake zimezidi utamu, maana anaongeza kile anachokipata, kwa nini anauliza kila mara, kwa nini aliandika maneno yangu. Nililia, na sababu moja ilikuwa aibu ya yale niliyoandika hapa Jumamosi.

"Usimwambie mtu," alisema. "Nina mtoto chuoni. Nina jina. Mtu wa baa asiye na pua ni sawa na dereva asiye na macho."

Nimeahidi.

Jumanne, 12 Novemba

Fundi kabadilisha mpira wa gesi. Sasa mimi ndiye ninayewasha jiko.

Alhamisi, 14 Novemba

Tumeanza upya, kila mtu na upande wake. Yeye ulimi, mimi pua. Ajabu ni kwamba ulimi wake unaona kuliko wangu. Miaka mitatu hana kingine cha kumshughulisha, kwa hiyo tone moja la ndimu likizidi anashtuka. Nilikuwa nadhani likeri ya chungwa ni tamu tu. Yeye kanionyesha kwamba ina uchungu mwishoni, na kwamba uchungu huo ndio unaoshikana na moshi.

Tumegundua mambo mawili. Kwanza, moshi usiwe ndio pombe yenyewe. Tunatumia jini ya kawaida, ile pombe kali isiyo na rangi, kama mwili wa kinywaji, na meskali kijiko kimoja tu. Kijiko kimoja kinatosha glasi nzima! Pili, likeri ipungue nayo. Mmoja akipiga kelele, mwenzake atapiga kelele zaidi.

Jumamosi, 16 Novemba

Tumejaribu ukwaju badala ya ndimu. Mwalimu alifumba macho akasema, "Hapa ulimi umetulia." Mimi nikanusa. Moshi ulikuja mwishoni, mwembamba, kama wa nyumba ya jirani wakati bado hujajua wanapika nini. Tulitazamana.

Chumvi bado hatujaipatia.

Alhamisi, 21 Novemba

Madam Precious kaniita ofisini, kafunga mlango.

"Nataka ukweli," alisema. "Wateja wanaacha vinywaji. Leo mmoja kaandika mtandaoni kwamba kokteli zetu ni juisi ya watoto. Watu wananiambia Nestory anaonja sana. Odeta, Nestory anakunywa?"

Mwalimu hanywi. Anaonja kijiko, anatema, anasukutua kwa maji. Katika wiki sita sijamwona akimeza glasi moja. Jibu lilikuwa neno moja.

Lakini nikawaza: nikisema hanywi, atauliza basi tatizo ni nini. Na mimi nimeahidi. Halafu, niandike yote, daftari ni langu: Madam aliendelea akasema, "Nakuuliza kwa sababu nikimwondoa, natafuta mtu wa kuishika kaunta. Nimekuwa nikikuangalia wewe." Na moyo wangu uliruka. Uliruka kwa furaha kabla sijauzuia.

Nikasema, "Sijui, Madam."

Nimetembea kwa miguu mpaka nimechoka, mvuani, mwavuli mkononi nimeufunga.

Ijumaa, 22 Novemba

Sikuweza kumtazama. Yeye kaniletea ukwaju mpya alionunua njiani.

Jumapili, 24 Novemba

Nilimsimulia Mama Favour bila kutaja majina. Mtu fulani, kazi fulani. Alikuwa anapanga samaki kwenye kapu.

"Uliahidi kunyamaza kuhusu ugonjwa," alisema.

"Ndiyo."

"Na ulevi? Kuhusu ulevi uliahidi nini?"

"Sikuahidi kitu."

"Basi ungesema hapana, ukanyamaza hapo." Akafunika kapu. "Hiyo 'sijui' yako hukumfichia yeye. Ulijiwekea wewe."

Sikulala mchana wala kula. Ana maneno makali Mama Favour, na hata hakunyanyua sauti.

Jumanne, 3 Desemba

Leo nimemwambia. Nilimkuta anapanga glasi kabla ya kufungua. Nilisimulia yote, hata ile sehemu ya moyo kuruka.

Aliweka glasi chini. "Ulisema sijui?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

"Basi wamejua kwamba nakunywa." Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mtu akiulizwa juu ya mwizi akasema sijui, mwizi ameshapatikana."

"Naenda kumwambia Madam sasa hivi kwamba hunywi."

"Atauliza kwa nini vinywaji ni vibaya."

"Nitasema akuulize wewe, Mwalimu."

Alichukua tena glasi. Mvua ilianza, ikanyesha, ikakatika, na yeye bado anafuta glasi ileile. Halafu akasema, "Nenda." Nikaenda. Madam alinisikiliza, akasema tu, "Umechelewa siku kumi na mbili kulikumbuka hilo." Sijui kama ameamini.

Jioni Mwalimu alisema tujaribu punje tatu za chumvi, si nne.

Ijumaa, 6 Desemba

Mzee Ndalahwa alifika saa tisa alasiri na Madam Precious. Ni mtu mnene mwenye sauti ya chini. Alianza na kilimo cha pamba kule Misungwi, na bado hutembea kama anakagua shamba. Tulimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, akaketi kwenye kiti kirefu mbele ya kaunta. Mimi nilisimama pembeni. Kila kitu kilikuwa tayari: jini, likeri ya chungwa, ukwaju uliochujwa, chumvi, meskali.

Ndipo mzee akatoa chupa kwenye mfuko wa karatasi.

"Ile meskali ya kwanza haipatikani tena. Tutakuwa tunaagiza hii. Sikia, Nestory, hii ni nyingine kabisa. Inuse, kisha uniambie utabadilisha nini."

Alimimina kidogo kwenye glasi, akaisukuma.

Mwalimu aliichukua. Akaipeleka puani. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na harufu ilishanifikia: hii ilikuwa kali mara mbili, mpira na jivu, na chini yake kitu kama nanasi lililoiva. Nilikuwa na jibu mdomoni. Kijiko kimoja kingeua kila kitu. Hii ilitaka nusu kijiko, na likeri izidi kidogo kwa ajili ya lile nanasi. Alinitazama. Ningeweza kukohoa, ningeweza kunong'ona. Nadhani angenielewa.

Akaiweka glasi chini, mbele yangu.

"Mzee, mimi sinusi," alisema. "Tangu ile homa, mwaka wa tatu huu. Sinusi pombe, sinusi chakula, mwezi uliopita nusura niilipue baa yako kwa gesi na huyu binti ndiye aliyenizuia. Vinywaji vilivyorudi nusu ni vyangu, si vyake. Ila silewi. Sijawahi kulewa kwenye kaunta yako."

Barafu ilikuwa inayeyuka kwenye ndoo, nilisikia ikiporomoka.

"Miaka mitatu umekuwa ukinichanganyia gizani?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na hii ya leo?"

"Hii tumefanya wawili. Ulimi wangu, pua yake. Muulize yeye kuhusu hiyo chupa."

Mzee aligeuka kwangu. Nikasema: nusu kijiko, na kwa nini. Akasema tengenezeni. Nilipima, Mwalimu akaonja kwa ncha ya kijiko, akaongeza tone la ukwaju, akaitikia. Mzee alikunywa. Alikunywa yote, polepole, akiangalia ziwa, akaacha barafu tu.

Alisema, "Precious, tukaongee."

Mlangoni Madam alinigeukia. "Wewe ulijua."

"Tangu tarehe nane Novemba."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza kama anakunywa, Madam. Nilipaswa kusema hapana."

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Baa imejaa. Mwalimu kapewa likizo ya wiki mbili, "apumzike". Nimeshika kaunta peke yangu kwa mara ya kwanza. Nimevunja glasi tatu.

Alhamisi, 12 Desemba

Uamuzi umetoka. Mwalimu hataondolewa, ila kaunta amevuliwa. Kuanzia Januari atafundisha wahudumu wapya asubuhi, vipimo na ulimi. Kaunta ni yangu. Madam alisema, "Umeipata ulivyotaka," nikashindwa kujua kama ni pongezi.

Jumatatu, 16 Desemba

Menyu mpya imetoka. Kokteli ya moshi imewekwa nambari saba. Leo zimeuzwa kumi na moja. Nimempigia Mwalimu kumweleza, simu haikupokelewa.

Ijumaa, 20 Desemba

Mvua imekatika siku mbili. Leo alasiri, baa ikiwa na watu wachache, Mwalimu Nestory aliingia. Shati jeupe kama kawaida, lakini hakuzunguka kuja nyuma. Alivuta kiti kirefu akaketi upande wa wateja. Alionekana hajui mikono aiweke wapi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kumbe viti hivi ni virefu namna hii. Miaka kumi na tisa nawakalisha watu sijui."

"Nikupe nini?"

"Chochote. Nambari saba, kama inavyotoka."

Nilishika meskali, nikaiacha. Nambari saba kwake ingekuwa nusu kinywaji. Ukwaju, sukari, na nafasi tupu pale ambapo moshi unapaswa kukaa. Nilisimama nikimtazama, nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza katika wiki kumi zote hizi: kinywaji kisicho na harufu hata moja kingekuwaje, kama kingetengenezwa na mtu anayekipenda?

Nikaanza. Ndimu, kwa ajili ya ukali. Sukari ya mawe niliyoiponda nusu ili nyingine aisage kwa meno. Tangawizi iliyokunwa na punje ya pilipili, maana moto hauhitaji pua. Maji ya tonik ya kwinini kwa uchungu. Chumvi pembeni mwa glasi, upande mmoja tu, achague mwenyewe. Barafu nikaitwanga mpaka ikawa kama mvua ya mawe, na soda baridi kabisa juu yake, ichome ulimi. Sikutia pombe hata tone.

Nikamsogezea. Aliinua glasi, na kwa mazoea akaipitisha puani, akajishtukia. Kisha akanywa.

Akaigeuza glasi. Akanywa tena, upande wa chumvi. Aliitafuna sukari, nikaisikia. Macho yalimjaa maji. Nilidhani ni pilipili. Akaweka glasi chini, akaishika kwa mikono miwili.

"Odeta," alisema, "hiki nakipata chote."